Funga Daftari, Jiulize: Ubongo Unavyojifunza na Namna ya Kuusaidia

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne anajiandaa vipi na mtihani, atakwambia anapitia madaftari. Anasoma ukurasa, anaupigia mistari, anausoma tena, na kesho anaurudia. Mwenzake ananakili upya maelezo yote kwa mwandiko wa kupendeza, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu. Hawa si wavivu. Wanapiga msuli mpaka usiku wa manane, na wengi wao huingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa na hakika kwamba mambo wanayo. Karatasi ikifunguliwa, hawayaoni. Mzazi anasema mtoto ana kichwa kizito. Mwalimu anasema mtoto hakusoma. Wote wawili wanamwonea, maana mtoto alisoma kweli. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha jinsi ubongo unavyoweka mambo na jinsi unavyoyatoa.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya habari za kisayansi. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likatakiwa kuandika kila lilichokumbuka bila kukitazama kifungu. Baada ya dakika 5 waliosoma vipindi vinne waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 40, waliojiuliza walibakiwa na 61. Tena wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa wamejiamini zaidi. Walipoulizwa kabla ya kupimwa wanadhani watakumbuka kiasi gani, walijitabiria makubwa kuliko wenzao.

Chanzo cha kujidanganya huko ni kwamba kutambua na kukumbuka ni kazi mbili tofauti. Macho yakilipitia jambo mara ya tatu, ubongo hulitambua upesi, usomaji unakuwa mwepesi, na wepesi huo tunauchukulia kuwa ni ujuzi. Mtihani hauulizi kama umewahi kuliona jambo. Unakutaka ulitoe kichwani mwenyewe, bila kitabu mbele yako, na kazi hiyo mwanafunzi wetu hajawahi kuifanyia mazoezi hata siku moja.

Ndani ya ubongo, chembe za neva huzungumza kupitia maungio madogo sana yaitwayo sinapsi. Chembe zinapofanya kazi pamoja mara kwa mara, maungio kati yao huimarika, zisipoamshwa, hulegea. Kila unapojilazimisha kukumbuka, unaziamsha chembe zile zile zilizobeba jambo hilo, na kwa kuziamsha unaziimarisha. Kukumbuka kwenyewe, basi, ni sehemu ya kujifunza. Mwalimu akilishika jambo hilo moja, mengi yatabadilika katika kipindi chake.

Tuchukue mwalimu wa sayansi katika darasa la juu la shule ya msingi, mwenye wanafunzi 90 na vitabu vichache vya kugawana. Jumanne alifundisha mzunguko wa damu. Alhamisi anaingia na, kama ilivyo desturi, anauliza, "Tulisoma nini juzi?" Mikono mitano inanyooka, ile ile ya kila siku. Mmoja anajibu vizuri, mwalimu anafurahi, kipindi kinaendelea. Wanafunzi 85 hawajakumbuka chochote. Wamemsikiliza mwenzao akikumbuka.

Sasa Alhamisi ile ile aifanye hivi. "Fungeni madaftari. Kila mtu achukue karatasi. Chora moyo kama tulivyouchora Jumanne, onyesha damu inaingilia wapi na inatokea wapi." Kisha anyamaze kwa dakika nne. Ukimya huo utamsumbua yeye kuliko wanafunzi, lakini avumilie. Dakika zikiisha, kila mmoja alinganishe na jirani yake, halafu wafungue madaftari wajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Hakuna alama, hakuna kusomwa majina. Yeye apite kati ya madawati akitazama.

Atakachokiona kitamfaa kuliko marundo ya madaftari ya kusahihisha. Ataona kwamba nusu ya darasa wameandika ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni. Kosa hilo lina sababu: walikariri kwamba ateri zote hubeba damu safi. Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo, na vena ni unaoirudisha. Ile iendayo mapafuni inakwenda kuchukua oksijeni, kwa hiyo damu yake bado ina oksijeni kidogo. Mwalimu akirudi ubaoni kulieleza hilo kwa dakika tatu, darasa zima litamsikiliza kwa makini, kwa sababu kila aliyekosea amekwisha liona kosa lake kwa macho yake. Ubongo hushika zaidi maelezo yanayokuja baada ya mtu kujaribu na kukwama.

Na pale anapouliza kwa mdomo, aulize swali kwanza, angoje, ndipo ataje jina. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kusema. Ukitaja jina kabla ya swali, umewaruhusu wengine wote wapumzike.

Wazazi wengi husema hawawezi kumsaidia mtoto kwa sababu masomo yenyewe hawayajui. Sikubaliani nao. Mama aliyeishia darasa la saba anaweza kumpima mwanawe wa sekondari, na pengine kutojua kwake kunasaidia.

"Haya mwanangu, leo mmesoma nini kwa baiolojia?"

"Usanisinuru, mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni jinsi mmea unavyojitengenezea chakula."

"Unakitengeneza kwa nini?"

"Kwa maji, na mwanga wa jua, na... na..."

"Na nini?"

Mtoto anakuna kichwa, anatazama dari, hatimaye anakwenda kuchukua daftari. Hapo alipokwama, akahangaika, akarudi na kabonidayoksaidi, amejifunza zaidi kuliko kama angesoma ukurasa ule mara tano. Mama hakuhitaji kujua jibu. Alihitaji kuuliza, kungoja, na kutokubali "nimesahau" kuwa mwisho wa mazungumzo. Dakika kumi za namna hii kila jioni, sufuria ikiwa jikoni, zinashinda tuisheni nyingi ambazo kazi yake ni kumsomea mtoto yale yale aliyokwisha kusomewa asubuhi.

Jambo la pili, baada ya kujiuliza, ni muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuangalia zinavyompotea. Aliona kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni, katika saa za kwanza na siku ya kwanza, kisha hupungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hufanya kazi kuliko marudio mengi ya siku moja. Tangu hapo jambo hili limejaribiwa kwa watoto na watu wazima, kwa lugha na hisabati, na kwa jumla matokeo hayajageuka.

Pwani yetu imelijua jambo hili kwa vitendo muda mrefu. Ingia katika chuo cha Qurani ambako watoto wanahifadhi. Mwanafunzi anakaa mbele ya ustadhi na kusikilizwa sehemu yake mpya, kitabu kikiwa kimefungwa. Akimaliza, anasikilizwa ya jana. Na kila siku ana sehemu ya zamani ya kuirejea, muraja'a, ili aliyoyahifadhi miezi iliyopita yasimpotee. Akikosea anasimamishwa pale pale, anarudia. Kuyatoa kichwani, na kugawa marudio katika siku nyingi: mambo yale mawili yanayothibitishwa na maabara, yote yamo katika ratiba ya ustadhi. Mtoto huyo huyo akivuka barabara kuingia shule ya serikali, anafundishwa mada mwezi wa pili na haulizwi tena habari zake mpaka mtihani wa muhula. Najua kuhifadhi si kuelewa, na sisemi fizikia ifundishwe kwa kuhifadhi. Nasema ratiba ile ya kurejea ya zamani kila siku ni urithi ambao shule zetu zimeuacha mlangoni.

Kuirudisha hakuhitaji bajeti. Zoezi la Ijumaa la maswali sita liwe na mawili ya wiki hii, mawili ya wiki iliyopita na mawili ya mwezi uliopita. Kwa hisabati faida inaongezeka: maswali ya aina mbalimbali yakichanganywa, mwanafunzi analazimika kuamua kwanza ni njia gani itumike, na kwenye mtihani huo ndio mtego wenyewe. Maswali kumi mfululizo ya aina moja humpa raha, kwa sababu baada ya lile la pili hafikiri tena. Kwa mwanafunzi anayejisomea, mtihani wa Novemba usingoje Oktoba. Mada aliyoisoma leo ajiulize kesho, kisha wiki ijayo, kisha mwezi ujao, na kadiri mtihani ulivyo mbali ndivyo nafasi kati ya marudio iongezwe. Akikuta amesahau baadhi, asikate tamaa. Kusahau kidogo ndiko kunakoulazimisha ubongo wake ufanye kazi.

Sasa tuje kwenye hisabati, somo linalowatoa machozi watoto wetu. Ubongo una ghala kubwa sana la kumbukumbu ya muda mrefu, lakini mlango wa kuingilia ni mwembamba. Sehemu ambayo tunashikilia mambo tunapofikiri, kumbukumbu tendaji, hubeba machache mno. George Miller wa Marekani aliandika mwaka 1956 kwamba ni kama saba; mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kwamba kwa hakika ni kama manne. Zaidi ya hapo moja likiingia, jingine linatoka.

Mpe mtoto swali hili: robo tatu jumlisha moja ya sita, yaani 3/4 + 1/6. Wengi wataandika 4/10. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Si upumbavu. Hesabu mambo anayotakiwa kuyashika kwa pamoja: kwamba asili zikitofautiana hazijumlishwi, kwamba atafute kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6, kwamba ni 12, kwamba 12 gawanya kwa 4 ni 3 na 3 hiyo izidishwe kwa 3, kwamba afanye vivyo hivyo upande wa pili, na asisahau alama ni ya kujumlisha. Kama jedwali la kuzidisha hajalishika, kila hatua inamfungulia swali jingine ndani yake. Mlango umeziba. Anakimbilia njia fupi anayoijua.

Dawa iko ya aina mbili. Kwanza, jedwali la kuzidisha lishikwe mpaka litoke bila kufikiri. Siku hizi ni mtindo kulidharau na kusema watoto waelewe, wasikariri. Kuelewa ni lazima, lakini mtoto anayejua 4 mara 3 bila kuhangaika amebakiwa na nafasi kichwani ya kuelewa. Pili, mifano iliyokwisha kufanywa. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, huko Australia, walionyesha katika aljebra kwamba wanaoanza hujifunza vizuri zaidi wakisoma kwa makini mifano iliyofanywa hatua kwa hatua kuliko wakiachiwa rundo la maswali wajitafutie. Basi ubaoni pabaki mfano kamili: 3/4 + 1/6 = 9/12 + 2/12 = 11/12. Usiufute. Karibu yake weka mwingine wenye hatua ya mwisho tu iliyoachwa wazi, kisha mwingine wenye hatua mbili zilizoachwa wazi, kisha swali tupu. Mtoto anaongezewa mzigo kadiri anavyozidi kuweza. Na akishaweza, mwondolee mifano, kwa sababu sasa inampunguzia mazoezi ya kukumbuka.

Jambo hili la mlango mwembamba linaeleza pia maumivu ya kidato cha kwanza Tanzania. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kwa Kiswahili anahamia ghafla kwenye Kiingereza. Kila sentensi ya mwalimu wa kemia inamtaka kwanza atafsiri, ndipo aelewe, ndipo akumbuke, na kutafsiri peke yake kumekwisha jaza nafasi yote. Mwalimu anamwona hajui kemia, kumbe kemia haijamfikia. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa na mimi niko upande wa Kiswahili, lakini kipindi cha kesho asubuhi hakingoji mjadala uishe. Mwalimu afanye hivi: wazo jipya alieleze kwanza kwa Kiswahili mpaka uso wa mtoto uonyeshe limeingia. Achague maneno matano ya Kiingereza ya mada hiyo, ayafundishe peke yake, ayaandike pembeni mwa ubao. Kisha wazo lile lile lisemwe kwa Kiingereza. Kutenganisha mizigo miwili ili ibebwe mmoja mmoja si udhaifu wa mwalimu, ni kuujua ubongo.

Kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili, nina la kuwaambia kuhusu kusoma. Ubongo wa binadamu haukuzaliwa na mahali pa kusomea. Maandishi yana miaka elfu chache tu. Mfaransa Stanislas Dehaene na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010 uliolinganisha watu waliojua kusoma na wasiojua huko Brazil na Ureno, walionyesha kwamba anayejifunza kusoma hugeuza matumizi ya sehemu fulani ya kuonea, upande wa kushoto nyuma ya ubongo, ambayo awali hutambua vitu na sura. Kwa sehemu hiyo, kikombe ni kikombe hata kikigeuziwa mkono upande wa pili. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anachanganya b na d, na wakati mwingine anaandika jina lake likatazama nyuma. Anaona herufi kama anavyoona kikombe. Asicharazwe kwa hilo. Aandike herufi hizo kwa kidole mchangani na hewani, kubwa, akitamka sauti yake, mpaka mkono wake uzitofautishe.

Kiswahili kimetupa bahati ambayo watoto wa Kiingereza hawana: herufi hutamkwa karibu kila mara kwa sauti ile ile. Mtoto aliyezishika silabi anaweza kusoma neno lolote, hata asilolijua maana. Bahati hiyo tunaipoteza kwa kuimba. Mwalimu anasoma "Baba analima shamba," darasa zima linaitikia kwa kishindo, na baada ya siku tatu kila mtoto anausoma ukurasa huo akiwa ametazama dirishani. Wameukariri wimbo. Ukitaka kujua nani anasoma, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari wa tatu. Au andika neno lisilokuwepo, tuseme "badimo", umwambie alisome. Anayejua silabi atalisoma huku akicheka. Anayekisia atakutazama usoni akitafuta jibu kwako. Huyo ndiye wa kukaa naye leo, kabla hajapanda darasa, kwa sababu mbele huko kila somo litapita kwenye kusoma.

Kuhusu fimbo nasema bila kuzunguka. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inairuhusu; kanuni za mwaka 2002 zinataka isizidi viboko vinne, na kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Wapo wanaosema wao walichapwa na wakajifunza. Ubongo unasema hivi: hofu inapopanda, akili yote huelekezwa kwenye hatari. Mtoto aliyesimama mbele ya ubao na mwalimu mwenye fimbo nyuma yake anatumia ile nafasi yake ndogo ya kufikiri kuuangalia mkono wa mwalimu. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha mwaka 2001 kwamba hata woga wa hesabu peke yake, bila fimbo yoyote, hupunguza nafasi ya kumbukumbu tendaji wakati mtu anakokotoa. Kumbukumbu ya tukio la kutisha hudumu sana, ni kweli. Lakini kinachodumu ni kutisha kwake. Mtu mzima anakumbuka siku aliyochapwa kwa ajili ya milinganyo, anakumbuka jina la mwalimu na rangi ya fimbo, na milinganyo yenyewe haijui hadi leo.

Kwa upande mwingine, msipoteze fedha kwa yale yanayouzwa kwa jina la ubongo. Kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo si kweli. Picha za ubongo zinaonyesha unafanya kazi wote. Kwamba kuna watoto wa ubongo wa kushoto na wa kulia si kweli. Pande zote mbili hushirikiana katika kazi zote za shule. Na lile linalopendwa zaidi kwenye semina, kwamba huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio na mwingine kwa mikono, kwa hiyo kila mmoja afundishwe kivyake, lilichunguzwa na Harold Pashler na wenzake mwaka 2008, wasione ushahidi wa kutosha wa kulitetea. Ramani inafundishwa kwa macho na shairi kwa masikio kwa sababu ndivyo mambo hayo yalivyo, kwa watoto wote. Kinachowatofautisha watoto kweli kweli ni yale wanayoyajua tayari, na hilo mwalimu hulijua kwa kuuliza.

Mwili nao ni sehemu ya darasa. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mtu mzima lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili. Mtoto asiyekunywa hata uji hadi saa nane mchana hawezi kuwa makini kwa kuambiwa awe makini. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambako watoto walipewa dawa za minyoo kuanzia mwaka 1998. Utoro ulipungua kwa robo, na hayo yalikuwa mafanikio makubwa kwa gharama ndogo. Lakini alama za mitihani hazikupanda. Nalitaja hilo la pili makusudi, kwa kuwa wengi huliruka. Afya ilimleta mtoto darasani. Namna ya kufundishwa alipofika ilibaki ile ile.

Limebaki la usingizi, na hapa nawasemea watoto wa bweni hasa. Wakati mtu amelala, hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo kila upande ambayo hupokea kumbukumbu mpya, huyarudia mambo ya siku na kuyahamishia kwenye gamba la nje ambako hukaa muda mrefu. Umuhimu wa hipokampasi ulionekana kwa Mmarekani Henry Molaison, aliyepasuliwa mwaka 1953 kutibiwa kifafa na kuondolewa kiasi kikubwa cha sehemu hiyo pande zote mbili. Aliishi hadi 2008, mwenye akili na maneno mazuri, asiweze kukumbuka mtu aliyekutana naye dakika chache zilizopita. Kazi ya hipokampasi inahitaji usiku ili ikamilike. Tangu mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach walipowapima wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, imejulikana kwamba baada ya saa kadhaa za usingizi mtu hukumbuka zaidi kuliko baada ya saa hizo hizo za kukaa macho.

Madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Linganisheni na shule ambako kengele hulia saa kumi alfajiri na taa huzimwa saa tano usiku. Saa tano za kulala. Tunamwita kijana huyo mvivu anaposinzia kwenye kipindi cha tatu, na matokeo yakiwa mabaya tunamwongezea nusu saa ya kusoma usiku, tukiitoa kwenye usingizi ule ule uliokuwa uyahifadhi aliyoyasoma.

Wakuu wa shule na bodi zenu, hili liko mikononi mwenu na halihitaji kibali cha wizara wala shilingi moja. Zimeni taa saa 3:30 usiku na kengele isilie kabla ya saa 11:30 alfajiri. Saa moja ya kujisomea usiku inayobaki iwe ya kufunga madaftari na kuulizana wawili wawili, mwalimu wa zamu akipita kusikiliza. Jaribuni kwa muhula mmoja, na wazazi wakija kulalamika kwamba watoto wanalala mno, waiteni kwenye kikao muwaeleze sababu.